Maziwa Yasiyoguswa na Moto

Mwanangu Mwenda,

Umepona. Nimetaka neno hilo litangulie hata salamu, kwa sababu nimelitafuta mwaka mzima, na sasa kwa kuwa ninalo sioni haya kulitumia. Umepona, sanduku lako limefungwa, na kesho asubuhi unaondoka kwenda Eldoret kusomea upimaji wa ardhi. Jua la alasiri limefika dirisha la jikoni, nimesukuma kando karatasi za mtihani wa kidato cha pili, na nakusikia huko nje ukibishana na baba yako juu ya kamba ya kufungia godoro. Kelele zenu zinanifurahisha kuliko kwaya yoyote ya kanisani, na usimwambie mwalimu wa kwaya kwamba nimesema hivyo.

Mambo ya godoro, sabuni na jinsi ya kujiandikisha chuoni namwachia baba yako. Tangu asubuhi amekupa maagizo mpaka umeanza kuitikia kabla hajamaliza sentensi. Mimi nataka kukuandikia juu ya kitu ambacho hukukipenda hata siku moja, nacho ni baiolojia. Usikunje uso. Ukitaka, soma ukiwa umeshafika, wakati huwezi tena kunikimbia kwa kisingizio cha kwenda kuwakatia mbuzi majani.

Najua haikuwa rahisi kuwa mtoto wa Mwalimu katika shule ya kutwa ambako kila mtu anajua nyumbani kwenu. Ulikuwa unakaa nyuma kabisa karibu na dirisha. Nikichora seli ubaoni, wewe unachora lori daftarini. Siku moja nikauliza kiini cha seli kina kazi gani, ukajibu, "Hiyo ni ofisi ya prinsipo, Madam," na darasa zima likavunjika mbavu. Nikakutoa nje. Sikuwahi kukuambia kwamba nilipofika chumba cha walimu nilicheka mpaka machozi, wala kwamba tangu siku hiyo jibu lako nalitumia kufundishia kidato cha kwanza. Wanalielewa upesi kuliko maelezo ya kitabu.

Wale watoto mimi huwaambia jambo moja siku ya kwanza. Kila mmoja wenu, nawaambia, alianza akiwa seli moja isiyoonekana kwa macho, ikagawanyika ikawa mbili, mbili zikawa nne, mpaka akapatikana huyu anayesinzia kwenye dawati. Halafu naongeza kwamba bakteria nao hugawanyika, tena wao hawangoji mvua wala msimu. Nimeyasema hayo miaka mingi kiasi kwamba yalikuwa yanatoka mdomoni yenyewe, kama vile mtu anavyosali sala aliyoizoea huku akiwazia mboga iliyo jikoni.

Sasa sikiliza mambo yalivyokwenda. Najua ulikuwepo, lakini ulikuwepo ukiwa mgonjwa, na mgonjwa huona kipande tu.

Ulipomaliza kidato cha nne, kaka yangu alikuletea yule mbuzi mweusi mwenye mimba. Kwetu mjomba ana nafasi yake, na zawadi ya mjomba haichezewi. Nyanya yako, mama ya baba yako, alimpokea yule mbuzi kama vile amepokea bibi arusi. Mimba ikatoka kabla ya wakati. Ilikuwa asubuhi, nikiwa tayari nimevaa nguo za kazini, na mtoto amekwama. Wewe una mikono myembamba, kwa hiyo ukaambiwa uvute. Nilisimama pale nikisema, "Pole pole, usimwumize," na wewe ukiwa umepaka damu na maji ya uzazi mpaka kwenye viwiko, kucha zako zimekatikakatika kwa sababu ya jembe. Mtoto alitoka amekufa. Ukanawa kwa maji matupu, tukasikitika, nikaenda zangu shuleni. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mbuzi mwenye afya anatupaje mimba hivi hivi. Baba yako alisema labda alishtushwa na mbwa, na sote tukakubali kwa sababu mbwa alikuwepo.

Mbuzi akatoa maziwa licha ya kupoteza mtoto. Hapo ndipo nyanya yako aliposema, "Haya ya mbuzi wa mjomba hayapelekwi kwa moto. Mkiyachemsha kiwele kitakauka, na baraka itakauka." Maziwa ya chai tulikuwa tunachemsha kama kila mtu. Haya tukayamimina mabichi kwenye kibuyu yagande, na wewe ukayanywa asubuhi na jioni kwa sababu yalikuwa yako.

Mwenda, wiki hiyohiyo nilikuwa nafundisha kidato cha tatu namna joto linavyoua vijidudu katika maziwa. Nilikuwa na chaki mkononi. Nikauliza, "Kwa nini tunachemsha maziwa?" wakanijibu vizuri, nikawapongeza, nikarudi nyumbani nikakumiminia kikombe.

Wewe uliwahi kuniuliza, ukiwa kitandani, kama kweli sikujua. Nikakujibu kwa hasira kwamba hayo si maswali ya mgonjwa. Sasa nakujibu vizuri. Nilijua. Ila nilijua nikiwa shuleni. Nikivuka lile daraja dogo la mbao kuingia kwetu, mimi si Mwalimu tena, mimi ni mke wa mwana wa mtu. Nilikuja hapa nikiwa msichana mwenye cheti, na watu walikuwa wananitazama waone kama nitaleta ubao wangu jikoni kwa mama mkwe. Nikaapa kwamba sitakuwa huyo. Nikajifunza kunyamaza vizuri mno, mpaka nikasifiwa kwa kunyamaza, na sifa ni tamu.

Na ili nafsi yangu isinisumbue nikatumia baiolojia yenyewe kujidanganya. Nikajiambia kwamba maziwa yaliyoganda yana asidi, na kwamba asidi hiyo inatengenezwa na bakteria wazuri wanaowazuia wale wabaya. Hilo ni kweli kwa sehemu. Asidi huwazuia wengi, lakini si wote, na si mara moja. Mwanafunzi angeniandikia jibu kama hilo ningempa nusu ya alama na kumwandikia pembeni kwa wino mwekundu, "Endelea." Mimi sikuendelea. Nilishika nusu iliyonipendeza.

Homa ilipoanza tulisema ni malaria. Ikapungua, ikarudi. Ukawa unatoa jasho mpaka shuka linalowa, asubuhi unaamka mzima unasema, "Mathe, niko poa," jioni mgongo na magoti yanakuuma kama mzee. Nilikwenda kwa yule mwenye duka la dawa sokoni Kianjai. Hakutaka hata kukuona.

"Mwalimu, hiyo ni taifodi tu," akaniambia. "Siku hizi imejaa kila mahali. Mpe hizi, akishika nguvu basi."

Nawe ukishika nguvu tulikuwa tunaacha. Vidonge vilivyobaki naviweka kwenye kopo la majani ya chai kule juu ya kabati, vingoje mgonjwa mwingine. Kila nyumba hapa ina kopo kama hilo, na yangu ndiyo ingestahili kuwa ya mwisho kuwa nalo. Nimewafundisha watoto wa watu kwamba dawa huanza kwa kuua bakteria walio dhaifu, na kwamba ukikatiza njiani wanaobaki ni wale walioweza kuvumilia, na hao ndio wanaozaana. Nimelitungia hata swali la mtihani. Na mara ngapi nilikuambia, "Tosha sasa, hizi zingine tuweke"?

Watu nao wakaanza kusema. Baba yako alishuku umeanza kutafuna miraa kwa siri, akawa anakagua mifuko ya koti lako. Mimi nilishuku uvivu, na hili najua uliliona usoni mwangu, kwa sababu uliacha kuniambia unapoumwa. Wenzako walikwenda vyuoni, ikabidi tuombe nafasi yako isubiri mwaka. Jioni moja nilikukuta umeketi kwenye kile kiti karibu na ghala, umejifunika blanketi juani, ukaniambia bila hata kunitazama, "Mathe, kwani mimi ndiye nitakuwa ule mtu wa kuota jua?"

Kila kijiji kina mtu huyo. Alikuwa na akili, alikuwa aende mbali, halafu kitu fulani kikampata na hakuna anayekumbuka ni kitu gani. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia, kwa sababu hicho ndicho kilikuwa kinaniogopesha, na wewe ulikuwa umekitamka kwa sauti.

Kesho yake tulikwenda hospitali mjini Meru. Unamkumbuka yule daktari, binti mdogo mwenye sauti ya chini, ambaye baba yako alidhani ni karani? Alikusikiliza mpaka mwisho. Hakuandika dawa. Akanigeukia.

"Mnafuga nini nyumbani?"

"Ng'ombe mmoja na mbuzi."

"Kuna mwenye ametupa mimba?"

"Mmoja. Mwaka jana."

"Na maziwa mnachemsha?"

"Ndiyo," nikasema, kwa sauti yangu ya siku za ukaguzi shuleni. "Ya chai tunachemsha."

"Na yale si ya chai?"

Pale ndipo uliponitazama. Ulijua jibu, Mwenda, na ukafunga mdomo. Ulikuwa na homa, umekonda, shingo yako imebaki mishipa, na bado ulikuwa unamtunzia mama yako heshima mbele ya mgeni. Nikaona kwamba nikinyamaza hata wewe utanyamaza, na kwamba ukimya huo umeujifunza kwangu. Basi nikasema yote. Kibuyu, mbuzi wa mjomba, mikono yako siku ile ya mimba, kopo la vidonge. Halafu akauliza kazi yangu, nikasema nafundisha baiolojia. Hakucheka. Alisema tu, "Pole, Mwalimu. Tupime damu."

Ilikuwa brusela. Jina hilo nililifundisha kila mwaka, katika orodha ya magonjwa yanayotoka kwa wanyama, na wanafunzi hulikosea tahajia.

Nilifurahi, naona aibu kusema, lakini nilifurahi. Adui alikuwa na jina, na jina lilikuwa na dawa. Tukaketi kwenye benchi nje ya maabara, na kwa mara ya kwanza maishani mwako uliniomba nikufundishe. Nikachora kwa kijiti mavumbini. Nikakueleza kwamba damu yako ina seli nyeupe ambazo kazi yao ni kuwameza wavamizi na kuwamaliza, na kwamba hawa wajanja humezwa, lakini hawafi. Wanakaa humohumo ndani ya askari, wanakula, wanazaana, na dawa inapita nje bila kuwaona.

"Kwa hivyo ni seli zangu mwenyewe ndio zinawaficha?" ukauliza.

"Ndiyo. Bila kujua."

"Si hizo zisimamishwe kazi!"

Ulicheka, na mimi nikajua utapona. Si kwa sababu ya kisayansi. Nilijua tu. Nikakueleza basi ni kwa nini dawa ni mbili kwa pamoja, na kwa nini ni kwa wiki nyingi hata baada ya homa kwisha: wale waliojificha lazima wafikiwe mmoja mmoja. Na safari hii hapakuwa na kopo. Uliposhtuka chooni ukapiga kelele kwamba unakojoa rangi ya chungwa, baba yako alikimbia na panga, akidhani ni nyoka. Ni dawa ile, nikawaambia kutoka jikoni, ndivyo ilivyo. Sijawahi kujivunia somo langu kama siku hiyo.

Ulikuwa hujapata nguvu ya kutoka nje tulipogombana juu ya mbuzi, kwa hiyo sehemu hii huijui vizuri. Daktari wa mifugo alimpima akasema anao ugonjwa. Baba yako alitaka tumpeleke sokoni upesi. "Si hata haonekani mgonjwa," akasema. "Nani atajua?" Nikamwambia huko ni kumuuzia mtoto wa mwenzako homa, na mama wa mtoto huyo huenda hatampata daktari wa kumuuliza maswali. Nilipandisha sauti, ndani ya boma hili, nyanya yako akisikia. Miaka yote niliyoolewa hapa sikuwahi. Baba yako alinitazama sana, halafu akaenda mwenyewe kumwita yule daktari arudi, mbuzi akaondolewa kwa njia iliyo salama na zizi likasafishwa.

Nami nikaenda kwa nyanya yako. Nilijiandaa kwa vita. Nikamweleza kila kitu kwa Kimeru, bila neno hata moja la kitabu, na nilipomaliza nilikuwa tayari natafuta mlango kwa macho. Kisha akaniuliza, "Ulijua hii yote tangu uolewe?" Nikasema ndiyo. "Na mbona ukaniacha niue mtoto?"

Nilidhani nimekuwa nikimheshimu. Yeye aliona kwamba nilimnyima kitu. Hilo ndilo limeniuma kuliko yote, na hilo ndilo ninalotaka uende nalo, kwa sababu utakuwa msomi huko na utarudi hapa. Usiwe na vichwa viwili, kimoja cha chuoni na kimoja cha nyumbani. Ukijua kitu, wape walio wako. Wape kwa adabu, ukae chini, ungoje wamalize kuongea, lakini wape. Wana haki ya kukikataa wenyewe.

Nyanya yako, kama unavyojua, hakukataa. Sasa anachemsha maziwa mpaka yafurike, anayaacha yapoe yawe vuguvugu, ndipo anatia kijiko cha yale yaliyoganda jana. Juzi nilimsikia akimfundisha jirani: "Tunafukuza wageni wote, halafu tunaita wetu." Nimefundisha jambo hilo miaka yote na sijawahi kulisema vizuri hivyo. Na kiwele cha ng'ombe hakijakauka. Anakwenda kukishika kila asubuhi kuhakikisha.

Kazi yako itakupeleka kupima mashamba ya watu, na watu watakukaribisha. Sitaki uwe yule kijana anayekunja pua akipewa kibuyu. Uliza yametengenezwaje, kama mtu anayependa chakula anavyouliza, na kama jibu halikuridhishi omba chai. Wala usianze kuogopa kila kisichoonekana. Hilo nalo ni kosa, nami nimeliona kwako tangu upone: unanawa mikono mpaka ngozi inapauka. Wengi wa hao vijidudu hawana neno na wewe. Wengine wako tumboni mwako sasa hivi wakikusaidia kusaga githeri yetu ya mahindi na maharagwe, nao uliwapata hapa, kwangu nikikunyonyesha, kwenye udongo uliokuwa unaula nikigeuka, kwenye uji wa nyanya yako. Kwa hiyo unapokwenda Eldoret huendi peke yako. Umebeba jamii nzima ya nyumbani, nayo haihitaji kulipiwa kiti.

Wiki jana tulikwenda kwa kipimo cha mwisho. Nilikuambia nabaki nje kwa sababu ya joto la chumba. Haikuwa joto, nilikuwa naogopa kulisikia jibu. Ulipotoka ukiwa unatabasamu ulinyoosha mikono yako yote miwili pembeni kama refa anayesema mchezo umekwisha. Sijui watu waliokuwa pale walinifikiriaje. Mwalimu mzima, na viatu vya kazi, nikiruka.

Jambo moja limebaki, nalo ni langu, si lako. Tangu uugue sikusalimii tena kama mtu. Nikikukuta asubuhi, mkono wangu unakwenda moja kwa moja kwenye paji la uso wako, kupima. Hata ukiwa unakula. Hata juzi mbele ya rafiki zako, ukajifanya hukuona. Ngozi yako imekuwa baridi kwa miezi sasa, na mkono haujasadiki. Mkono huo unaujua ukweli kama nilivyoujua mimi ule wa maziwa, yaani mbali na mahali unapohitajika.

Kesho asubuhi tutasimama barabarani na baba yako atakuwa anarudia maagizo. Ukiona mkono wangu unapanda kuelekea usoni pako, usiukwepe na usiuache ufike. Ukamate njiani, uushike sana, unisalimu. Nitaelewa.

Mama yako